Machozi Wanayo, Kiti Hawatoi

Kinachonikera kuhusu vitabu vya fasihi ni kwamba wanafunzi wangu huvijua kabla hawajavisoma. Naingia Kidato cha Tatu na Takadini mkononi, sijafungua hata jalada, mikono imeshapanda. "Mwalimu, dhamira ni mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya mama na kujitoa mhanga." Madesa yamenitangulia. Ni kopi ya kopi ya kopi, iliyoandikwa na dada yake mtu ambaye siku hizi ana watoto wanaosoma, na makosa yake ya tahajia yamerithiwa kizazi hadi kizazi bila hata moja kupotea njiani.

Kwa ambao kitabu hakikuwapitia: kimeandikwa na Ben Hanson, na mambo yake yanatokea Zimbabwe ya zamani. Sekai, mke wa Makwati, amekaa miaka bila mtoto huku akisimangwa na wake wenza. Anapokuja kujifungua, mtoto ana ualbino, na mila ya pale inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Mama anamchukua kichanga wake na kutoroka, hadi kijiji cha mbali ambako mzee Chivero anawapokea. Mtoto huyo, Takadini, anakua, anajifunza kupiga mbira, na binti aitwaye Shingai anampenda.

Ni kitabu kizuri. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye kulia.

Tukifika pale Sekai anapotoroka, darasa langu hulia. Monita wetu, binti mwenye moyo laini, hutoa kitambaa kilichopigwa pasi kwa shughuli hiyo. Wavulana hugeukia dirishani wakijifanya vumbi la chaki limewaingia machoni. Na nyuma kabisa, jirani na mafagio na ndoo ya taka, ameketi kijana mwenye ualbino, mzima mzima, ametoa shingo mbele na kukunja uso, anajitahidi kusoma nilichoandika ubaoni na hasomi kitu. Wenzake wana machozi ya kumfikia Takadini huko Zimbabwe. Nyuma ya darasa hayafiki.

Nilimuuliza siku moja anafuataje somo.

"Namwangalizia jirani, mwalimu."

"Jirani anaandika vizuri?"

"Hapana, mwalimu. Ndiyo maana tunafeli sawasawa."

Watu wengi hudhani ualbino ni habari ya ngozi, na madesa nayo hayajasaidia. Melanini inayokosekana kwenye ngozi hupungua kwenye macho pia, na jicho huihitaji hiyo melanini ili likue sawasawa. Ndiyo sababu wengi wao wana uoni hafifu, macho huchezacheza, mwanga mkali huwasumbua, na miwani husaidia kiasi tu, haimalizi kazi. Kwa mwanafunzi kama huyo, ubao ni uvumi: anasikia kwamba upo na kwamba wengine wameuona.

Baraza la Mitihani linalijua hilo. Watahiniwa wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa na kuongezewa muda. Jambo jema, na hapo ndipo ninapozidi kukereka. Kijana huyu asome kopi ya kopi iliyofifia kwa miaka minne, kisha siku ya mtihani aletewe herufi kubwa, nene, nyeusi, zinazosomeka vizuri kabisa, zikimuuliza mambo ambayo hajawahi kuyaona popote. Atakuwa na muda wa ziada wa kuyashangaa.

Tuje kwenye kofia. Shule ina kanuni, na kanuni inasema kofia si sare. Asubuhi tunasimama mstarini, jua la saa mbili limeshaanza kazi, na mwalimu wa nidhamu anapita akikagua kucha, viatu na vichwa. Anamfikia kijana wangu. "Vua." Anavua. Kofia inakwenda ofisini kukaa kabatini pamoja na simu zilizokamatwa na bangili za plastiki. Basi tunasimama, tunasikiliza matangazo ya ada, ya choo, ya ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani, na jua linaendelea kumsoma kijana yule shingoni. Nikienda kulalamika, naonyeshwa kanuni. Nikisema jua kwa watu wenye ualbino ni njia ya kwenda kwenye saratani ya ngozi, na kwamba pale Moshi, KCMC, kuna watu wanaotengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga, yanaitwa Kilisun, mwalimu mwenzangu anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Aisee, wanateseka sana hawa watu," anasema, huku ufunguo wa kabati uko mfukoni mwake.

Usidhani shule hatukumbuki. Tarehe 13 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015 baada ya Umoja wa Mataifa kuipitisha, na tarehe hiyo huwa hatuna mpinzani. Turubai linafungwa. Mgeni rasmi anachelewa kama ada. Chini ya turubai wanakaa viongozi, wazazi maarufu, mama lishe aliyeleta soda, na spika mbili ambazo hazitakiwi kupata joto. Wenye siku yao wanapangwa mbele, uwanjani, juani, ili picha zitoke vizuri. Kijana wangu alishawahi kuvishwa shuka na kupewa fimbo ili aigize yeye ni Sekai. Nani aliamua kwamba mama Takadini awe mvulana wa Kidato cha Tatu mwenye sauti nzito, sijui, ila mgeni rasmi alipiga makofi sana na kuahidi bati.

Mwenye kudhani nafanya ushabiki na akumbuke nchi tunayoishi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 tulisikia habari ambazo hakuna safu ya ucheshi inayoweza kuzibeba: watu wenye ualbino, watoto wakiwamo, wakiuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu mganga alimdanganya mtu kwamba hapo kuna utajiri. Watoto wakahamishiwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, walale nyuma ya ukuta na geti. Wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa, wanazisoma habari hizo wakiona ni za kale kama za Sekai. Ndiyo maana nang'ang'ania kitabu hiki kisomwe, kisiishie kwenye kukaririwa. Kwenye riwaya, wazee wanamwogopa mtoto wakidhani ni mkosi. Huku kwetu waliwawinda wenzao wakidhani ni bahati. Pande zote mbili watu walihangaika na maana ya mtoto, mtoto mwenyewe hakuulizwa amekula au hajala.

Niliwaambia hayo darasani. Kimya kikatanda, vitambaa vikatoka. Nikaona hapa ndipo pa kupata nilichokitaka muda mrefu. Nikasema, "Haya, nani atampisha mwenzetu kiti cha mbele?"

Vitambaa vikarudi mifukoni.

Viti vya mbele katika darasa letu viligawiwa siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza, na wenyewe huvishika kama viwanja vya urithi. Mmoja akasema mama yake ndiye aliyemwagiza akae pale. Mwingine akasema hata yeye macho yanamsumbua, na huyu nimemwona kwa macho yangu mazima akisoma meseji ya mtu wa dawati la pili. Wa tatu akasema akikaa nyuma mafua humpanda kwa sababu ya mafagio. Hapo monita akasimama, akajifuta shavu, akatoa wazo ambalo darasa zima lililipokea kwa shangwe: "Mwalimu, tumchangie!"

Ndugu msomaji, hawa ni Watanzania halisi. Ndani ya kipindi kile kile kamati ikaundwa, ikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, daftari la ahadi likafunguliwa, na mtu akaulizia kama kutakuwa na fulana. Kijana wetu akaombwa asimame, aseme neno la shukrani. Akasimama, akasema anashukuru sana, ila hana shida ya fulana. Kamati ikasema italijadili. Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, lakini wahenga hawakufundisha Kidato cha Tatu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Msichana mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama mtu mwenye ualbino anaweza kufika mbali kimaisha. Nikafurahi, maana hilo ninalo jibu. Nikawaeleza kwamba mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, na kwamba Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Darasa likaguna kwa heshima. Wote wakageuka kumtazama kijana wa nyuma, sasa kwa matumaini makubwa. Kuanzia siku ile wanamwita Mheshimiwa. Wanamuuliza ataomba kura lini. Kiti, hapana.

Na mwenzangu, huyu kijana hana dalili yoyote ya uheshimiwa. Naomba mniamini, mimi ndiye ninayemfundisha. Anaongea vipindi vyote. Anauza karanga darasani kinyume cha kanuni, na kipimo chake kina walakini. Hisabati hazipandi. Akiimba, kwaya ya shule inashuka nafasi. Lakini tangu tuanze kitabu, watu humwangalia kana kwamba wakati wowote atatoa mbira chini ya dawati na kutuliza mioyo yetu. Akichelewa kuzirudisha kazi zangu, walimu wenzangu huniambia, "Mwache tu, si unajua hali yake." Hali yake ninaijua: alikuwa anacheza dama nyuma ya bweni.

Mwishowe nilifanya lile ambalo kamati haikulitaka. Nilibeba dawati lake mwenyewe, nikalipitisha katikati ya darasa, nikalisimika mbele, kando ya ubao na mbali na mwanga wa dirisha. Wenye viwanja walisogea kwa manung'uniko. Kofia nayo niliifuatilia hadi kabatini, na nilipoambiwa niandike barua nikaandika, nikainukuu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, maana mwenzangu wa nidhamu anapenda sheria. Kofia ikatoka. Kwa mshangao wa shule nzima, nidhamu haikuporomoka.

Lakini amani yangu ndiyo iliyoporomoka. Alipokuwa nyuma alikuwa tatizo la mafagio. Sasa yuko mbele, anaona, na anayeona huuliza. Kila nikigeuka kutoka ubaoni mkono uko juu. Chaki yangu imefifia, nibadilishe. Maandishi yangu yanapanda mlima, niyanyooshe. Wiki iliyopita nilikuwa nimewapanga vizuri kwenye dhamira ya nne, mkono ukapanda tena.

"Mwalimu, kama Takadini angekuwa hajui mbira?"

"Kivipi?"

"Yaani hajui kitu. Mvivu kidogo. Hesabu anafeli. Wangempenda pale kijijini?"

Darasa likatulia, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna aliyeuliza kama inatoka kwenye mtihani. Mtu mmoja akafunua madesa, mbele hadi nyuma, nyuma hadi mbele. Monita akainua mkono na kunijulisha kwa masikitiko kwamba hilo halimo kwenye dhamira. Nami nikatafuta jibu la haraka la kumaliza kipindi, sikulipata. Nikafanya kitu ambacho walimu tumefanya tangu shule zianze. Nikasema, "Swali zuri. Kila mtu aandike kurasa mbili, nizikute mezani Jumatatu."

Likazuka zogo. Darasa zima lilimgeukia kijana wa mbele. Kiherehere! Nani kakutuma? Tulikuwa tunakaribia kwenda kula! Monita mwenyewe, yule wa moyo laini, alimrushia kipande cha chaki, na mweka hazina akatangaza kwamba michango imesitishwa. Jamaa naye akawajibu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, huku akicheka. Hakuna aliyemhurumia hata chembe. Na mimi, kwa sababu yake, Jumatatu nina rundo la madaftari la kusahihisha hadi usiku.