Jinsi ya Kuilaza Nyumba Chali Bila Kuivunja Mbavu

Picha hufika Kingerikiti kabla ya saruji. Inaingia kwa WhatsApp, imetumwa na kijana wa kompyuta aliyeko Dar es Salaam au Dodoma: nyumba ya vyumba vitatu, paa la kijivu, gari jeupe limeegeshwa mbele, minazi miwili, na mwanamke wa Kizungu anapita na mbwa. Minazi, Kingerikiti! Huku milimani watu wanalima kahawa, na asubuhi za Juni hawatoki bila koti. Fundi mwashi anaikuza picha kwa vidole viwili mpaka inakuwa madoadoa, anatafuta urefu wa ukuta wa sebule. Mbwa anaonekana mpaka kola yake. Urefu wa ukuta haupo.

Mwongozo huu ni wako, kijana wa kompyuta. Usinune. Nakutania kwa sababu nakuhitaji, na fundi aliyesimama juu ya mteremko na ndoo ya zege anakuhitaji zaidi yangu. Umejenga nyumba nzima ndani ya skrini, ina kuta, ina paa, inazunguka ukiigusa. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini hakuna mtu anayejenga kwa kuzungusha. Mwashi anajenga kwa kamba iliyovutwa, pima maji, timazi na futi kamba. Kamba inamwambia ukuta unapita wapi, pima maji inamwambia usawa, timazi inamwambia wima, na futi inamwambia kiasi gani. Karatasi yako ijibu maswali hayohayo manne, kwa utaratibu huo, bila kumlazimisha kukisia. Kwa hiyo nyumba yako nzuri lazima ilazwe chali kwenye karatasi bapa. Kazi ni kuilaza bila kuivunja.

Anza kwa kuzima jicho. Programu za kuchorea, iwe SketchUp, ArchiCAD, Revit au FreeCAD, zinaweza kukuonyesha nyumba kama jicho la binadamu linavyoiona: kilicho mbali kinapungua, na mistari iliyo sambamba inakwenda kukutana. Jicho hilo ni la kuuzia. Ukitoa mchoro nalo, ukuta wa nyuma wenye mita 12 utatoka mfupi kuliko ukuta wa mbele wenye mita 12 zilezile, na skeli itakuwa imekufa pale pale. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uchague makadirio sambamba. Kisha bonyeza sura moja moja: juu, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Usiizungushe nyumba kwa mkono hadi ionekane imenyooka, maana jicho lako halijui kunyoosha. Ukikosea kwa digrii tano tu, ukuta ule wa mita 12 umeliwa sentimita nne na nusu, na wewe hukuona kitu.

Aliyeziweka sawa kanuni za kazi hii ni Mfaransa Gaspard Monge, mwalimu wa shule ya wahandisi wa jeshi pale Mézières katika karne ya 18. Njia yake ya kukionyesha kitu chenye pande tatu kwa sura bapa zinazohusiana ilionekana kuwa na thamani kubwa hata jeshi likaifanya siri kwa miaka mingi. Mwaka 1795 ndipo alipoifundisha hadharani mjini Paris. Leo siri hiyo ya jeshi unayo bure kwenye kompyuta ya mkopo. Itumie.

Mpangilio wa sura kwenye karatasi nao si wa kupuuza. Kwa mtindo wa Ulaya, mwonekano wa juu unakaa chini ya mwonekano wa mbele. Kwa mtindo wa Marekani unakaa juu yake. Kwa nyumba haina shida kubwa, mradi kila mchoro uandikwe jina lake. Ukichora geti au kiungo cha chuma cha kenchi, hapo angalia vizuri, maana fundi wa kuchomelea akisoma kwa mtindo usio wako atakuletea kipande kilichogeuka, bawaba zimehamia upande wa ukuta ambao haupo.

Mchoro wa sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa mlalo na kuangaliwa kutoka juu. Ikate kwenye kimo cha mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, ili msumeno upite katikati ya madirisha. Ukikata chini sana, madirisha yanapotea, na mwashi ataziba pale palipotakiwa kupita mwanga.

Sasa mkato wa kusimama, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotuangusha. Kwenye skrini yako nyumba imekaa juu ya zulia la kijani lililolala sawasawa kama meza. Kingerikiti haina meza hiyo. Iko milimani juu ya Ziwa Nyasa, na ardhi ya pande hizi inateremka. Wamatengo wa nyanda hizi walishajua zamani kwamba mteremko unataka hesabu yake. Ngoro zao, yale mashimo yaliyopangwa mraba kwa mraba kwenye mabega ya milima, yamewekwa hivyo ili maji ya mvua yatulie badala ya kukokota udongo. Wao walipima mteremko kwa jembe. Wewe una kompyuta na hujaupima kabisa.

Piga hesabu nami. Kiwanja kikishuka mita 15 kwa kila mita 100, na nyumba yako ina urefu wa mita 12 kuelekea bondeni, basi kona ya chini iko mita 1.8 chini ya kona ya juu. Hizo ni kozi saba au nane za bloku upande wa chini wakati upande wa juu msingi umeshamalizika. Halafu kuna kifusi cha kujaza ndani, kushindilia, na zege la jamvi juu yake. Mwenye nyumba aliyepangiwa saruji ya tambarare ataishiwa fedha kabla hajaiona sakafu, na boma litaota nyasi. Mchoro wako ndio ungemwambia mapema.

Utaupataje mteremko ukiwa mbali? Usitegemee GPS ya simu, kimo chake hukosea kwa mita kadhaa. Mwombe fundi apime kwa mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji bila povu la hewa. Msaidizi mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi cha kona ya juu, mwingine anashuka na ncha ya pili hadi kona ya chini, wanasubiri maji yaache kucheza. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko usawa mmoja, hata kama katikati kuna kichuguu. Fundi anapima kwa futi kutoka usawa wa maji hadi ardhini kila upande, anatoa kipimo kidogo kwenye kikubwa, na tofauti ndiyo mteremko. Afanye hivyo kona zote nne na katikati ya kiwanja, aandike kwenye karatasi, akupigie picha. Vipimo vitano tu. Viingize kwenye mfano wako, ivute ardhi hadi ivifuate, kisha ukate mikato miwili: mmoja unaoshuka na mteremko, mwingine unaoukingamia. Sakafu iliyokamilika iite sifuri, na kila kilicho chini yake kiandikwe na alama ya kutoa. Mstari wa ardhi uwe mnene, aone hata aliyesahau miwani.

Jambo hili si la nyumba za watu binafsi peke yake. Mwaka 2021 serikali ilipotenga fedha za mkopo wa IMF kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa kwa shilingi milioni 20, kazi ilipelekwa kwa mafundi wa mitaani na vijijini kwa utaratibu wa fosi akaunti. Ramani inayotolewa kwa ajili ya nchi nzima haiwezi kukijua kila kilima. Mtu wa mwisho kuisoma ni mwashi wa kata, na pengo lolote kati ya karatasi na ardhi analiziba yeye kwa akili yake. Tusimwachie pengo kubwa.

Tupande juu kwenye paa, ambako karatasi hudanganya kwa adabu. Ukiliangalia paa kutoka juu, urefu wa bati unaouona ni kivuli chake kilicholala, bati lenyewe ni refu zaidi. Paa lenye mlalo wa mita 3 na mwinuko wa digrii 30 linahitaji bati la karibu mita 3.46, na bado hujaongeza la kutokeza kwenye baraza. Aliyeagiza mita 3 kamili amepungukiwa karibu nusu mita kila upande, na mvua za huku hazisubiri bati jingine litoke mjini Mbinga. Kwa hiyo chora mkato wa paa, upime kwenye mteremko wenyewe, uandike urefu wa kenchi na wa bati.

Vipimo viache vitoke kwenye mfano. Kuna mtindo mbaya wa kubofya namba na kuandika nyingine juu yake: ukuta umetoka 3,870, mtu anaona uvivu kuusogeza, anaandika 4,000. Kuanzia hapo karatasi na mfano vimeachana, na kila atakayetoa mchoro mwingine kutoka mfano ule atarithi uongo. Ukibadilisha kitu, kibadilishe kwenye mfano, michoro ifuate.

Chora kwa milimita, ila kumbuka mteja na fundi husema chumba cha futi 10 kwa 12, mbao mbili kwa nne, nondo ya milimita 12 na bati la geji 28, yote katika sentensi moja, na wanaelewana. Basi kwenye vyumba weka futi pembeni ya milimita: futi 10 ni milimita 3,048. Na kabla hujatuma faili kwa mwenzako, pima mlango mmoja. Mlango wa 900 ukisomeka 22,860, mmoja wenu yuko kwenye inchi, na hapo hakuna fremu itakayopatikana.

Hatua inayobaki ni karatasi yenyewe. Umechora kwa A3, skeli moja kwa mia, umeridhika. Faili linafika kwenye steshenari yenye printa ya A4, mhudumu anabonyeza ienee kwenye ukurasa, na skeli yako imegeuka kuwa karibu moja kwa 141. Ukuta wa mita 12 uliokuwa milimita 120 sasa ni 85. Anayepima kwa rula atajenga mita nane na nusu. Chora kwa A4 tangu mwanzo, ndiyo karatasi inayopatikana. Weka mstari wa skeli chini ya kila mchoro, maana huo hupungua pamoja na mchoro wake, na uandike kwa herufi kubwa: SOMA NAMBA, USIPIME KARATASI. Usitofautishe vitu kwa rangi, itachapwa nyeusi na nyeupe. Kilichokatwa kiwe na mstari mnene, kinachoonekana kwa mbali mwembamba, kilichojificha mistari ya vipande vipande. Waambie wa steshenari wailaminishe karatasi, kwa kuwa itashikwa na mikono yenye udongo.

Ukiona nazidisha, tazama chini ziwani. Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, ndiko meli yao Hermann von Wissmann ilikoshambuliwa na Waingereza Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu. Meli hiyo ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa Afrika vipande vipande, ikaunganishwa huku miaka ya 1890. Tundu la ribiti likikosea mahali, hapakuwa na simu ya kuuliza. Kulikuwa na mchoro tu.

Nawe mwenye nyumba, uliyeko mjini na kiwanja chako kiko Kingerikiti: picha ya gari jeupe ipokee, iweke kwenye stetasi, shukuru. Salio la mchoraji lilipe siku utakapopokea mkato unaoonyesha mteremko wa kiwanja chako, kwa namba.