Mshale Unasema Bongo

Kwa muda mrefu mshale wa mafuta wa gari langu ulikaa kwenye robo. Jaza tangi mpaka mazutu yamwagike shingoni: robo. Endesha mpaka injini ikohoe na kuzimika katikati ya pori: robo. Aliyeniuzia gari hilo hapa Kasongo alinihakikishia kwamba halinywi mafuta, na kwa kuutazama mshale hakuna aliyeweza kumbishia.

Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam atasema hilo ni jambo dogo, kituo cha mafuta kiko kona ya pili. Kusini mwa Maniema kwenye kona ya pili kuna mgomba. Mafuta huku huuzwa na makadhafi, vijana waliopanga chupa na madumu kando ya barabara, ambao huyachuja kwa kitambaa siku wanapokumbuka kuja na kitambaa. Ukitoka Kasongo kwenda Kabambare unaingia zaidi ya kilomita 100 za udongo, na huko njiani bei ya lita hutegemea uso wako umejaa wasiwasi kiasi gani. Ni lazima ujue una nini tangini kabla hujaondoka. Mimi nilikata kijiti cha mwanzi, nikakitia alama za kisu, nikawa nakitumbukiza kwenye shingo la tangi kila asubuhi. Watoto wa mtaa walikusanyika kutazama. Walidhani nalipa gari dawa.

Njia yenyewe ni kongwe. Misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare ikaja Kasongo na Nyangwe zamani kabla gari la kwanza halijaundwa popote duniani, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, alipokuja kusimulia maisha yake alizihesabu safari zake kwa siku na miezi. Livingstone alikwama Kabambare mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Kipimo chake kilikuwa nyayo, na nyayo zilipokataa hapakuwa na la kujadili. Nalitaja hili kwa sababu habari ya miguu itarudi hapo mbele.

Basi nikalipeleka gari kwa fundi, na si kwa ajili ya robo peke yake. Dashibodi nzima ilikuwa imeharibika tabia. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda. Ukiweka kiashiria cha kugeuka kushoto, mishale inatikisika kila taa inapopepesa. Ukikanyaga breki, taa ya ndani inafifia kwa huzuni. Fundi alisikiliza mashtaka yote akiwa ameinama kwenye ugali wake wa muhogo na sombe, akamaliza tonge, akanawa, ndipo akatoa hukumu.

"Papa, mushale moja ikisema bongo, unauliza ile moja. Yote ikisema bongo pamoja, kuko mutu mwenye anaifundisha."

Bongo huku ni uongo, na mtu aliyeifundisha mishale alikuwa waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Umeme hauendi tu, unarudi pia, na ukikosa njia yake ya kurudia hupita kwa jirani: umeme wa taa unajipenyeza kwenye saa ya joto, wa kiashiria kwenye saa ya mafuta, na dereva anasoma mambo ambayo hayapo. Fundi alilala chali chini ya usukani, miguu ikiwa nje mlangoni, akaukuta waya umefungwa kwa skrubu moja juu ya rangi na kutu, pamoja na nyaya za redio mbili ambazo sijawahi kuziona. Akakwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akakaza upya. Taa zikawaka, mshale wa joto ukatulia mahali pake. Sikuamini. Nilikuwa nimejiandaa kulipia dashibodi nzima, nikalipia msasa.

Kama kosa lisingekuwa hapo, alinieleza, angekwenda kwenye fiuzi, halafu kwenye kijisanduku cha bati ambacho magari mengi ya miaka ile yanacho nyuma ya saa, kazi yake ikiwa ni kushusha umeme wa batri na kuuweka sawa kabla haujafika kwenye mishale. Kijisanduku hicho kikinata, saa ya mafuta na saa ya joto hupanda pamoja, na mwenye gari anajikuta ana tangi lililojaa na injini inayoungua kwa dakika hiyohiyo. Hajui ashukuru au apige kelele.

Ikabaki robo. Fundi aliuchomoa waya kwenye tangi na kuugusisha kwenye bodi kupitia kitaa kidogo, kwa sababu saa za aina hii ukizipa umeme mtupu kwa muda huungua. Mshale ukaanza kupanda. Ukavuka robo, mahali ambapo tangu ninunue gari ulikuwa haujavuka. Ukafika nusu. Watoto wakashangilia. Ukagonga mwisho, tangi limejaa, na mimi nikajisikia tajiri kwa muda wote ule waya ulipokuwa mkononi mwa fundi.

Maana yake saa ilikuwa nzima na ugonjwa uko tangini. Ndani ya tangi kuna mkono mwembamba wenye boya kwenye ncha. Boya likielea juu au likishuka, mkono unasugua kijiti cha umeme na kupeleka habari mbele. Wa kwangu ulikuwa umegandishwa na tope la miaka mingi ya mazutu ya chupa, umesimama palepale penye robo. Boya nalo, la shaba nyeupe, lilikuwa limetoboka. Fundi alilitikisa sikioni mwangu: lilikuwa limekunywa. Kwa hiyo hata tope lisingekuwapo, boya lingezama na kutangaza njaa kila siku. Alilitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, vipovu vikatoka mfululizo mahali pamoja, naye akasema tundu ndilo lile. Akalimwaga, akalikausha siku nzima juani, ndipo akalilehemu, mbali na tangi langu na karibu na nyumba ya jirani yake. Jirani hakuufurahia utaratibu huo.

Sasa mshale ukawa mzima, na hapo ndipo matatizo yangu na abiria yalipoanza.

Anayekaa mbele, kando ya dereva, katika magari yetu haya, amelipa nauli ya abiria na kupata madaraka ya mkaguzi. Nyuma watu wanakaa juu ya magunia ya mpunga, kuku na mbuzi wa mtu. Mbele wanakaa watu wazima wawili, na wote wawili wanasoma dashibodi. Safari moja ya Kabambare nilimchukua mwalimu mstaafu na mama mmoja muuza samaki wakavu. Mwalimu alisoma mishale kwa sauti. Tukipanda kilima mazutu yanakimbilia nyuma ya tangi liliko boya, naye anatangaza nusu na robo. Tukishuka yanakimbilia mbele, anatangaza kwamba tumekwisha. Huko nyuma, juu ya magunia, waliokuwa hawaoni kitu walipokea taarifa hizi na kuzijadili. Mteremko mmoja watu wawili waliomba washuke wapande gari lenye mafuta, ingawa gari lingine halikuwapo.

Mshale wa mwendo tulikuwa hatujauchokoza. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya saa ya mwendo inayotumia sumaku: kebo inatoka kwenye gia, inazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe chepesi chenye mshale, springi inakizuia. Ni akili safi, na imehudumia magari karibu karne nzima. Ila Schulze hakuwahi kukwama Maniema. Saa yake haijui gari linakwenda kasi gani. Inajua gia inazungusha magurudumu kasi gani, na hayo ni mambo mawili. Msimu wa mvua huku ni mrefu, kiangazi kinapewa miezi ya katikati ya mwaka tu, na siku hiyo tulizama kwenye tope mpaka ekseli. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, tope likaruka juu ya mbuzi na abiria, gari halikusogea hata unyayo.

"Sitini," akasoma mwalimu. "Sabini. Shofere, punguza, kuko watoto."

Tangu tutoke Kasongo tulikuwa hatujafika thelathini. Kitu kinachohesabu kilomita nacho kilikuwa kinahesabu, kwa hiyo katika kumbukumbu rasmi za gari lile kuna safari ndefu tuliyoifanya ndani ya shimo moja.

Tulipotoka ndipo likaja jambo lenyewe. Kilima kirefu, gia ya kwanza, joto. Mshale wa joto, ambao baada ya kukazwa masi ulikuwa ukikaa katikati kwa heshima, ukaanza kushuka. Ukashuka mpaka chini kabisa.

"Gari yako inapoa muzuri," mwalimu akanisifu.

Mama muuza samaki akanyanyua miguu. "Hapa chini kunaungua."

"Mushale inasema baridi, mama."

"Mushale haina miguu," mama akajibu, akaipandisha yake yote miwili juu ya dashibodi, mbele ya macho ya mwalimu, ikafunika saa zote.

Nikasimamisha gari, maana kati ya mashahidi wale wawili mmoja alikuwa na malengelenge. Mpira wa juu wa radieta ulikuwa umepasuka na maji yote yamebaki kilimani nyuma yetu. Hapa nawaomba wenye magari ya zamani wanisikilize kuliko mahali pengine popote. Senso ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakiwapo, inapima maji. Maji yakikimbia, inabaki imening'inia mahali patupu, haiguswi na kitu cha kupima, na mara nyingi inapeleka habari kwamba mambo ni baridi. Injini inaungua na mshale unalala. Mshale unaopanda unakuonya. Mshale unaoshuka ghafla kwenye kilima, wakati wa jua kali, ndio wa kuogopwa.

Watu wa kijiji cha karibu walileta maji kwa madumu kabla sijaomba, na vijana wakataka kuyamimina papo hapo. Mwalimu, sina budi kumpa haki yake, aliwazuia kwa sauti ya darasani: kifuniko cha radieta ya moto hakifunguliwi, kitamchoma mtu uso, na maji baridi yakiingia kwenye injini iliyoiva yanapasua kichwa cha silinda. Tukangoja. Tukiwa tunangoja, akatufikia tolekisti akisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, mtu ambaye tulikuwa tumempita asubuhi kwa honi na vumbi. Alisimama, akatazama mpira, akatoa kwenye mfuko wake ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha na kuukaza kwa nguvu mpaka pasuko likafunga. Akakataa fedha, akachukua samaki wawili wa mama. Akaondoka kabla yetu. Baiskeli yake haina mshale hata mmoja na ilifika Kabambare tukiwa bado njiani, maana giza lilipoingia gari liligoma kuwaka.

Hiyo ilikuwa hadithi ya taa. Unapogeuza ufunguo bila kuwasha injini, taa ya chaji na taa ya oili zinapaswa kuwaka nyekundu. Injini ikishika, zinazimika. Za gari langu hazikuwa zikiwaka kabisa, na mimi nikalichukulia kuwa gari lenye amani. Kumbe balbu zilitolewa kabla ya mauzo, nyekundu isije ikamtia mnunuzi hofu. Balbu ya oili ikikosekana, unapoteza onyo. Balbu ya chaji ikikosekana hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu katika magari mengi ya zamani umeme kidogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Yangu ilikuwa imelala, ikiamka siku inapotaka, na batri ikatumika peke yake mpaka ikakauka. Tulisukuma. Mwalimu alisukuma pia, akisoma mwendo kwa kukisia.

Kabla hujalipa hata faranga moja kwa gari la namna hii, geuza ufunguo na uhesabu taa nyekundu. Zikikaa kimya, muulize mwenye gari balbu ziko wapi, na bei ishuke mbele yako. Kisha mwombe awashe taa kubwa, na uangalie kama mshale wa joto unajali. Langu lenyewe linauzwa, lipo Kasongo, balbu zote zimo na masi imekazwa. Saa ya mwendo iamini ukiwa kwenye lami tu. Kijiti cha mafuta kimo ndani ya bei.