Tairi la Mbele

Kusonya kuna madaraja. Kuna msonyo wa njaa, kuna wa kudharau bei ya nyanya, na kuna ule wa fundi viatu wetu, unaoanzia magegoni na kutokea puani. Juzi aliuachia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza kahawa hajapepea hata mkaa, tukajua leo kijiwe kina ajenda na drafti italala.

Ajenda yenyewe tairi. Fundi alipata polio akiwa mtoto, mguu wa kulia ukabaki mwembamba kama mwiko. Miaka miwili nyuma alikuwemo kwenye orodha ya waliopewa baiskeli za miguu mitatu, zile za kuzungusha pedeli kwa mikono. Siku ya kukabidhi sote tulikuwepo, maana palikuwa na pilau. Turubai, viti vilivyovishwa vitambaa, spika zinazokoroma, mgeni rasmi kachelewa saa tatu, risala imesomwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza maikrofoni ilikuwa imezimika. Fundi alipigwa picha kuliko bwana harusi. Akaambiwa ajizungushe kidogo mbele ya meza kuu, akajizungusha. Tukapiga makofi, tukala, tukaondoka.

Haikutimia miezi saba, shingo ya mbele ikapasuka, pale uma unaposhikana na fremu. Fundi akajikokota kwa magongo hadi ofisi iliyompa. Wakamwambia chombo kilishatoka kwenye vitabu, si mali yao tena. Ofisi ya pili ikasema wao ni watu wa mafunzo, vyombo si idara yao. Ya tatu ikamtaka aandike barua, tena aipitishe Serikali ya Mtaa. Barua anayo mpaka leo, imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole chenye kiwi. Mwisho wake akaenda kwa kijana anayechomelea mageti, akampa elfu kumi na tano, kijana akabandika kipande cha nondo. Tangu hapo baiskeli inavuta kushoto kama punda aliyeona majani, na kwa kuwa inavuta kushoto, tairi la mbele linalika upande mmoja. Hilo lililopasuka juzi ni la tatu. Saizi yake madukani hakuna, anakatiwa la baiskeli ya mtoto na kushonewa kwa uzi wake mwenyewe wa viatu.

"Kwani waliogawa hawajawahi kurudi kuangalia?" akauliza muuza kahawa.

Swali dogo hilo. Watu wakatazama vikombe.

Serikali ina neno zuri kwa mambo haya: utengamao. Nalipenda. Vibao vya vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu vimebaki na neno la zamani, "marekebisho", ambalo mpita njia akilisoma anaweza kudhani ndani wamefungiwa vijana walioiba kuku. Wengine husema "ukarabati", kana kwamba mtu ni nyumba kuukuu inayosubiri chokaa. Lakini kutengamaa ni hali ya kitu kukaa sawa kikatulia, kama bahari baada ya kusi, kama nyumba baada ya ugomvi wa mirathi. Ndani ya neno hilo umo mguu wa bandia, yamo mazoezi ya viungo, imo fimbo nyeupe, kifaa cha kusikia, kujifunza kushona au kuchomelea ili mtu ale jasho lake. Na ukivitazama vyote hivyo kwa makini, hakuna hata kimoja kinachokwisha siku ya kupewa. Chukua mguu wa bandia. Kigutu hakikai umbo moja. Baada ya kukatwa, uvimbe hupungua, nyama hukonda, na kile kikombe kinachokipokea, kilichokuwa kimekaa vizuri, kinaanza kucheza, kinachubua ngozi, mwenyewe anauvua mguu na kuusimamisha nyuma ya mlango. Mtoto ndiyo usiseme, anaukimbia mguu wake kama anavyozikimbia suruali. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi huja kutoka nchi nyingine za Afrika. Muulize fundi yeyote wa kazi ile, atakwambia kuutengeneza mguu ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni mgonjwa kurudi.

Sasa usimamizi wetu umejengwa juu ya nusu ya kwanza tu. Hapo ndipo ninapopigania mimi. Mnunuzi anakaguliwa, stoo inakaguliwa, hati ya kutolea inasainiwa kwa wino wa bluu, mgeni rasmi anakata utepe, na ripoti inaandika: baiskeli kadhaa zimetolewa, walengwa wamefikiwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akija, karatasi zinajibu vizuri kuliko mwanafunzi wa bweni. Simlaumu CAG, ofisi yake hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, si wa shilingi peke yake. Ila hata yeye hawezi kuja kupima upepo wa tairi la fundi viatu Temeke. Mwenye kazi hiyo ni mtu wa karibu zaidi. Nani?

Mwalimu mstaafu, ambaye kijiweni tunampa shikamoo kwa zamu ili asikasirike, ndiye mwenye majibu ya maswali kama haya. Akavua miwani, dalili mbaya.

"Mna Sheria Namba 9 ya 2010, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu," akasema. "Mwaka mmoja kabla yake nchi ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ibara yake ya 26 inazungumzia utengamao, ya 33 inataka wenye ulemavu wenyewe na vyama vyao washirikishwe katika kufuatilia. Sheria ikaunda Baraza la Taifa la Ushauri. Na Serikali imeagiza si mara moja, kamati za watu wenye ulemavu ziundwe kuanzia kijiji na mtaa mpaka mkoa."

"Baraza la Ushauri," fundi akarudia, akionja neno. "Mimi pia huwa namshauri mke wangu."

Tukacheka, lakini hoja imo. Kushauri ni jambo moja na kuuliza kwa mamlaka ni jingine. Mshauri anasubiri aitwe. Mwalimu akaona tunamchezea, akatupa la pili: sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hapo dereva wa bodaboda, ambaye hesabu zake zote ni za abiria na mafuta, akatoa simu na kupiga hesabu. Asilimia 3 ya watu 20. Akaangalia, akaangalia tena.

"Sifuri nukta sita," akasema. "Mwalimu, huyu sifuri nukta sita anakaa upande gani wa ofisi?"

Utani mtupu, najua. Kwenye kiwanda chenye watu 500 ni watu 15, na hao wana majina. Lakini ndiyo maana yangu. Kifungu kipo, asilimia ipo, anayepita mlango kwa mlango kuhesabu hayupo, au akipita hatusikii amekuta nini.

Fedha angalau zina macho. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilipopigiwa kelele na wakaguzi kwamba mikopo haipo sawa, Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha, ikatengeneza utaratibu upya, ikarudi 2024. Kwa hiyo tunaweza. Tukitaka kufunga bomba tunafunga. Nilichokumbuka mimi ni mama mmoja wa mtaa wa pili, kiziwi, fundi cherehani, ambaye fomu yake ilikuwa mezani pale bomba lilipofungwa. Vikundi hewa vilikuwa vya wengine, kusubiri kukawa kwake yeye.

Na vile vyuo vyenyewe. Yombo tunakijua kwa sababu daladala zinapita huko. Lakini vipo pia Sabasaba kule Singida, Mirongo Mwanza, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mtapika Masasi. Baadhi yavyo vilifungwa kwa miaka mingi kabla ya Serikali kuanza kuvifufua. Miaka, ndugu zangu, na kijiwe hiki, chenye wachambuzi wa Yanga na Simba wanaojua hata kiatu cha kipa wa akiba, hakikuwa na habari. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma Mei 2023 nchi ilisimama, Waziri Mkuu akakutana nao mwenyewe pale Mnazi Mmoja. Chuo cha wasioona na wenye viungo pungufu kikifunga geti, kelele inatoka kwa mlinzi anayedai mshahara. Nikisema umma hausimamii huduma hizi, umma ni sisi tuliokula pilau.

Mwalimu alikuwa bado ameshika miwani. Akatusafirisha Marekani, safari ambayo kwa kawaida namkatiza, safari hii nikamwacha. Kulikuwa na kijana California, Ed Roberts, aliyepata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14. Ilimpiga shingo kwenda chini, usiku analala ndani ya mtambo wa chuma unaompumulia. Alipotaka kusoma chuo kikuu, idara ya utengamao ya jimbo lake ikagoma kumlipia: huyu ni mlemavu mno, hawezi kuja kuajiriwa, fedha zitapotea bure. Akapigana, kelele zikafika magazetini, akasoma. Miaka ya katikati ya 1970 gavana Jerry Brown akatafuta mkurugenzi wa idara hiyohiyo. Akamteua nani?

"Yuleyule!" bodaboda akapiga paja.

Yuleyule. Na huko kwao, akaendelea mwalimu, sheria yao ya utengamao ya 1973 imekuja kurekebishwa hivi: kila jimbo ama liwe na tume huru, ama liwe na baraza ambalo zaidi ya nusu ya wajumbe ni watu wenye ulemavu wasioajiriwa na idara yenyewe. Mojawapo ya kazi zao kisheria ni kupima kama waliohudumiwa wameridhika. Kila mwaka wanaandika ripoti, inakwenda kwa gavana, na mwananchi anaruhusiwa kuisoma.

Mimi nilivutiwa. Fundi hakuvutiwa.

"Mwalimu, posho haina ulemavu," akasema. "Niweke mimi barazani, nipe bahasha na chai ya maziwa, uone kama nitauliza habari za tairi. Hapa petu tumeshakuwa na Dkt. Possi, naibu waziri, mtu mwenye ualbino, tangu 2015. Kwenye kiti hichohicho akaja Ikupa, akaja Nderiananga. Nikiwaona kwenye televisheni nafurahi, Mungu ananiona. Lakini naibu waziri yupo Dodoma, na shimo la barabarani lipo hapa mbele ya msikiti."

Hapo nilibishana naye, na bado nabishana. Tofauti ya wale wa California siyo mtu mmoja juu, ni zaidi ya nusu ya meza na ripoti inayosomwa na watu. Mmoja utamnunua kwa chai. Wanane, wanaotoka majumbani mwao kila mwezi na magongo yaleyale yaliyolegea mpira, watasumbua, hata kama ni kwa kuchoka tu. Na swali lao lingekuwa jepesi, halihitaji mtaalamu wala semina ya siku tatu Morogoro: vile tulivyogawa mwaka juzi, vingapi vinatembea leo? Andika namba ubaoni. Mwakani uliza tena.

Fundi akasonya, ule wa puani. "Basi twende tukaione hiyo kamati ya mtaa."

Tukaenda watatu, yeye kwenye baiskeli inayovuta kushoto, bodaboda akiisukuma kwa nyuma ili irudi kulia. Mtendaji alitupokea vizuri, dada mpole, amehamia hapa juzijuzi. Akasema kamati ipo. Tukatazamana. Akafungua kabati, akatoa kaunta buku lenye jalada la kitambaa chekundu mgongoni, akapuliza vumbi, akatafuta ukurasa kwa kidole. Kichwa cha habari kilipigiwa mistari miwili kwa rula: KAMATI YA WATU WENYE ULEMAVU YA MTAA. Chini yake majina saba. Mjumbe wa tano tulimzika mwaka jana. Mweka hazina alishahamia Mbagala. Na namba moja, Mwenyekiti, majina matatu kamili, mbele yake namba ya simu.

Fundi alisogeza uso karibu na karatasi.

"Hii laini niliibiwa mwaka ule wa mafuriko," akasema taratibu.

"Ndiyo wewe, mzee wangu?" dada akauliza.

"Jina ni langu."

Kimya. Feni ya mezani inageuka, inarudi. Dada akanyoosha mkono kupokea ile barua, akaikunjua mikunjo yake minne, akaisoma yote bila haraka mpaka kwenye alama ya kiwi. Kisha akainua macho, kwa aibu kidogo, kama mtu anayekurudishia chenji pungufu.

"Malalamiko ya vifaa, baba, yanaanzia kwa mwenyekiti wa kamati. Akishaona, ndiyo mimi nagonga muhuri."

Bodaboda alitoka nje kucheka. Fundi akaomba kalamu. Akaandika juu ya barua yake mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika bei kwenye soli: Nimeipokea. Tarehe. Sahihi. Akaisukuma mezani, akabaki na kalamu mkononi.

"Sasa mwanangu," akamwambia, "hilo daftari nipe. Nataka namba za hawa wengine sita."

"Watano, mzee."

"Watano."