Sifa za Mbwa Aliyepotea Mbagala

Mbwa anayesifiwa ni mbwa aliyekaa. Yule wa watu wa pangoni, katika Sura ya Al-Kahf, alinyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na mabwana zake wakalala miaka 309. Wangu nilimfunga kizingitini kwa mwanangu, Mbagala, saa moja asubuhi. Ilipofika saa moja na nusu pale palikuwa na kipande cha kamba. Yule wa pangoni sifa zake zimeshaandikwa na hanihitaji mimi. Acha nimsifu huyu wa nusu saa.

Ni mzaliwa wa Nkowe, wilayani Ruangwa, na jina lake ni Mtasema. Jina hilo sikulichagua kwa ajili yake, nililichagua kwa ajili ya jirani tuliyekorofishana juu ya mpaka wa mikorosho. Mtu mzima hagombani kwa mdomo. Hufuga mbwa, akampa jina, akasubiri jirani awepo uani jioni, ndipo amwite mbwa kula. Kazi nyingine ya Mtasema ilikuwa kufukuza ngedere na nguruwe pori, na aliifanya pale ilipompendeza.

Sasa mwanangu aliibiwa televisheni mara mbili kwa mwaka mmoja, akaniomba nimletee mlinzi asiyedai mshahara. Tukapanda lori la ufuta. Nangurukuru tuliipita usiku, Daraja la Mkapa na mita zake 970 tukalivuka alfajiri, mbwa kaketi juu ya magunia kama diwani anayekagua kata. Mimi nilitapika mara tatu njiani. Yeye hata mara moja.

Wanaomlaumu mbwa kwa kupotea hawajawahi kumtafuta. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Nyumba zikapewa namba, mitaa ikapewa majina. Mwanangu namba anayo mlangoni, lakini nilipotoka na kile kipande cha kamba mkononi hakuna aliyenitajia namba yoyote. Niliambiwa hivi: shuka na mtaro mpaka kwa Mangi, pita penye mashine ya kusaga, ukiuona msikiti ujue umepotea. Mwanangu ana miaka minne pale, na hajui kama kuna mashine ya kusaga. Mimi niliijua kwa robo saa, na bei ya kukoboa niliambiwa bila kuuliza.

Tena nilisaidiwa kwa haraka ambayo mgeni haipati mjini. Wengi wa watu wa huko ni wa pwani na wa kusini kama sisi, wa madhehebu ya Shafii, ambako chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayeulizia mbwa mlangoni hakaribishwi chai, anaonyeshwa njia. “Kapita huko, baba, fanya upesi!” Ningekuwa natafuta nyumba ya mtu ningezungushwa hadi magharibi.

Shida ilikuwa jina. Nyuma ya mashine ya kusaga niliwakuta kina mama watatu, mmoja kakaa chini kwenye mkeka anasukwa, nami nikapaza sauti: “Mtasema! Mtasema!” Msusi akaacha kitana kikining'inia katikati ya nywele.

“Tuseme nini, baba? Nani kakwambia?”

Nikaeleza kwamba ni mbwa. Wakatazamana. Yule anayesukwa akauliza, bila kugeuza shingo, mbwa ni huyo Mtasema au ni wao. Mbele kidogo, kwenye kijiwe cha kahawa, mzee wa rika langu alinijibu kwa upole kwamba huku siku hizi hawasemi. Na penye kituo cha bodaboda kijana mmoja aliyeinamia simu alilisikia mara ya kwanza, akalisikia mara ya pili, akainuka, akaingia uchochoroni bila kugeuka nyuma. Simjui, wala simtuhumu. Nasema tu kwamba mbwa aliyepo hubweka. Huyu alimwinua mtu kitini naye hayupo.

Watu watasema, na kichaa je? Swali la haki, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna dawa. Mwenye genge la nyanya aliniuliza hivyo hivyo: kachanjwa? Nikatoa kadi mfukoni. Mikoa yetu ya kusini mashariki, Lindi ikiwamo, iliwahi kuwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na tangu hapo mbwa wa kwetu wamezoea kupangwa foleni. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kushika. Mtasema ni mmoja wa hao 70. Mwenye genge aliigeuza kadi mbele na nyuma, akasema watoto wake wawili kadi zao zimepotea.

Nilimkuta saa nane mchana, nje ya bucha, amelala chini ya benchi, tumbo juu. Kijana wa bucha alikuwa anafuta kisu.

“Shikamoo mzee. Unamtaka Bosi?”

“Bosi tangu lini?”

“Tangu asubuhi.”

Nikajivuta nyuma hatua moja, nikaita kama ninavyoita Nkowe, sauti ya kuvuka mpaka wa mikorosho: “Mtasema!” Sikio halikutikisika. Nyuma yangu wale kina mama, ambao sikujua kama walikuwa wananifuata, walijibu kwa pamoja, yule mmoja nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama:

“Tumeshasema, baba! Mchukue!”

Nikainama mpaka chini ya benchi, nikatazama kama kuna mtu wa Nkowe anayesikia.

“Bosi,” nikamwita, kidogo tu.

Akainuka.