Mgeni wa Juu ya Kabati

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na mgeni aliyeingia chumbani kwangu usiku wa harusi yangu, akapanda juu ya kabati, akakaa huko miaka minane. Hali, hanywi, ila nafasi yake ni ya magodoro mawili. Namsema shela langu.

Kosa ni langu. Dar es Salaam hii, mwenye akili zake anakodi. Unakwenda Kariakoo, unajaribu matatu manne, unaacha kitambulisho rehani, harusi ikipita unarudisha na maisha yanaendelea. Lakini shangazi yangu alisimama katikati ya kikao akasema shela la kukodi lina jasho la mabibi harusi wengine, na ndoa zao hatujui ziliishia wapi. Kikao kizima kikanyamaza. Nani angebishana na jasho? Nikanunua, laki nane. Kukodi kungekuwa laki na nusu.

Nililivaa ukumbini tu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Piga hesabu: laki mbili kwa saa. Na katika saa hizo nne, nusu saa nzima iliishia msalani, mawifi wawili wameshika pindo, wa tatu kashika mlango.

Wiki iliyofuata nikalipeleka kwa dobi. Akalizunguka kama fundi anayekagua gari lililopinduka. “Dada, hili nilihesabu kama gauni au kama mapazia ya ukumbi?” Kisha akauliza kama lilimwagikiwa na kitu. Nikamwambia halina hata doa, jeupe pee. Akacheka. Soda isiyo na rangi, alisema, ikikauka huioni. Sukari inabaki ndani ya nyuzi imetulia, halafu baada ya miezi inageuka kahawia. Nikaona anatafuta kisingizio cha kupandisha bei, nikalichukua shela langu nikaondoka. Mwaka wa pili nilipofungua mfuko, kifuani palikuwa na ramani ya kahawia, palepale bwana harusi aliponinywesha soda huku macho yake yako kwa mpiga picha.

Tulipohama kutoka Mbagala kwenda Kimara, tulikodi kirikuu. Shela tuliliweka juu kabisa, juu ya friji, lisikunjike. Tulipofika Ubungo upepo ukafungua mfuko. Pindo likatoka, likapepea nyuma ya gari kama bendera, na akina mama waliokuwa kituoni wakaanza kupiga vigelegele. Dereva, mtu wa watu yule, akajibu kwa honi mpaka Kimara. Mimi niko mbele nimepakata ndoo ya vyombo, kanga kichwani, bibi harusi.

Ndipo nikaamua kulipa jembe. Rafiki wa wifi yangu alikuwa anaolewa, nikamkodishia kwa laki moja. Nikajiona mfanyabiashara. Lilirudi baada ya wiki tatu, zipu imelazimishwa, pini nane zimesahaulika kiunoni (ya tisa niliipata kwa kidole), na harufu ya pilau ambayo naftalini haikuiweza. Laki yenyewe nililipwa elfu sitini, iliyobaki “nitakutumia”. Shangazi alipopata habari alitikisa kichwa. Sasa hata hili lina jasho la mtu.

Kumbuka suti ya mume wangu, tuliyoinunua wiki moja na shela, imeshakwenda harusi 11, vikao vya shule na usaili wa kazi mara mbili. Suti haina pindo la mita mbili linalosomba mchanga wa ukumbi.

Aliyenitesa zaidi ni mama. Mama ni mtu wa Pangani, aliolewa na kisutu, kanga ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya mabibi harusi wa pwani. Doti moja. Kipande kimoja kilinibeba mgongoni mpaka nikatembea, kikawabeba na wadogo zangu watatu. Cha pili bado anajifunga akipika, miaka arobaini na ushee sasa. Kila akija kwangu hutupa jicho juu ya kabati, halafu hujirekebisha kanga taratibu, bila kusema neno. Siku moja nikajitetea kwamba mashela meupe yameshika kasi tangu Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na nguo nyeupe mwaka 1840. Mdogo wangu, anayesoma historia na asiyejua kunyamaza, akadakia kwamba Victoria hakuliacha likae tu: lesi yake ya harusi aliivaa tena na tena, na kwenye picha rasmi ya miaka 60 ya utawala wake, mwaka 1897, utaji wa harusi uko kichwani. Mama akajirekebisha kanga.

Basi mwaka jana, siku ya kutimiza miaka minane ya ndoa, nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikasema nilijaribu tu. Hadi kiunoni lilipanda kwa heshima. Kutoka hapo likapanda kwa ugomvi. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Juu haiendi, chini haiendi. Hapo hapo, hodi. Kijana wa gesi, mtungi begani. Niliuagiza mwenyewe, maharage yalikuwa hayajaiva.

Akaniangalia kuanzia taji (ndiyo, na taji nililivaa) hadi kandambili. “Dada, niache hapa mlangoni?”

“Ingia, weka jikoni.”

Alifunga mtungi kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa kijana wa gesi, akatoka kinyumenyume. Hazikupita dakika kumi, jirani yangu akaingia amejitanda, kijitabu mkononi. Alikuja kuuliza mchango ni kiasi gani, na kwa nini kikao kimeanza bila yeye.

Alivuta zipu kwa mikono miwili, goti lake mgongoni kwangu. Ikakatika kishikio. Tukatazamana. Akaenda kwake akarudi na mkasi wake wa kukatia mapezi ya samaki.

Chaa.

Sikulia. Nilivuta pumzi, ya kwanza kamili tangu nilivae.

Kitambaa cha nje nikampelekea fundi cherehani. Akasema kinateleza kama kambale, lakini akanishonea foronya nne. Ukilaza kichwa katikati ya kitanda, alfajiri unakikuta ukutani. Neti ya ndani inafunika maandazi. Na lile jiringi la waya lililokuwa linatanua sketi, pamoja na neti yake, nililitoa uani nikalikalisha juu ya vifaranga, maana kunguru wa Dar hawana huruma. Wanatua, wanalizunguka, wanachungulia kama mawifi, wanaondoka mikono mitupu.

Mwezi uliopita mama alikuja. Akasimama uani akilitazama lile jiringi kwa muda mrefu, mikono nyuma.

“Hili ndilo lile?”

“Ndilo, mama.”

“Ulisema lilikuwa kiasi gani?”

“Laki nane.”

Akainama, akaanza kuhesabu vifaranga mmoja mmoja, akafika kumi na mmoja. Kisha nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Alikuwa anagawa.