Kipenyo cha Puto

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Scouting America,
Makao Makuu, Irving, Texas,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KULIDHIBITI PUTO LA MAJI

Kwa heshima na taadhima nawapongeza kwa kazi ambayo mabunge na majeshi ya dunia hayajathubutu kuigusa, yaani kuliwekea puto la maji ukubwa wake halali. Mwongozo wenu wa michezo ya shabaha, ule uitwao National Shooting Sports Manual, toleo la 2015, ulimwelekeza kiongozi wa kujitolea kwamba puto liwe dogo, liwe la aina inayooza, na likijazwa maji lisizidi kimpira cha tenisi ya meza. Kimpira hicho, kwa sheria za mchezo wenyewe, kina kipenyo cha milimita 40. Ningependa kujua kama waliotunga kanuni hii walilijaribu puto hilo kwanza. Puto lililojazwa kiasi hicho mpira wake haujavutika hata kidogo. Ukilirusha linadunda, linabiringika kwenye majani bila kupasuka, na mtoto aliyelengwa analiokota lilelile na kulirudisha alikotoka, safari hii kwa nguvu zaidi. Mmetaka kulipunguza makali, mmeligeuza jiwe dogo la majimaji linalotumika mara kumi.

Bastola ya maji nayo haikusahaulika. Kwa kanuni zenu inaelekezwa kwenye shabaha tu, kamwe isielekezwe kwa mtu, na mpigaji avae miwani ya kinga. Rede, mchezo ambao wasichana wa Tanzania wanaucheza uani tangu enzi za bibi zao, na ambao Wakenya wanauita kati, kwenu usingepita, kwa kuwa michezo ya kulengana kwa mpira imo katika orodha ya yasiyoruhusiwa ya mwongozo wenu wa usalama, Guide to Safe Scouting. Imo pamoja na kurushiana mawe, jambo lisilo na ubishi, na kurushiana soksi, jambo ambalo wajumbe wa kikao kilicholipitisha wanastahili medali ya ujasiri. Wakati huohuo skauti wa miaka 12 anaruhusiwa kwenda kambini, akalala kifudifudi uwanjani, akapewa bunduki ya kweli ya .22 na risasi zake, na akilenga vizuri akashonewa beji. Tusiwadhulumu, mantiki ipo. Uwanja wa shabaha una msimamizi aliyefunzwa na mitutu yote inatazama upande mmoja, na mtoto aliyezoea kumwelekezea mwenzake kitu chenye umbo la bunduki, hata kama kinatoa maji, anajenga tabia mbaya mkononi. Naikubali hoja hiyo. Lakini angalieni, nimeieleza kwa sentensi moja, na kiongozi yeyote mwenye akili timamu angeielewa na kuitumia hata kwa vitu ambavyo hamjaviorodhesha. Kinachonishangaza ni kwamba mnapenda zaidi kuorodhesha vitu kuliko kutoa sababu.

Mtauliza mtu wa Afrika Mashariki anatafuta nini kwenye mwongozo wa Texas. Mwasisi wa uskauti, Baden-Powell, alifia Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko hukohuko, kwa hiyo tuna haki kidogo ya kuuliza habari za urithi wake. Zaidi ya hapo, sera za vyama vikubwa hazikai kwao. Mkutano wa skauti duniani uliofanyika Baku mwaka 2017 ulipitisha sera ya kuwalinda watoto na madhara, nayo inatuhusu sote, sisi pamoja nanyi. Yakitokea makosa ya kutunga kanuni kwenye chama chenye fedha na mawakili, sisi tusio na fedha wala mawakili tutayapokea yakiwa yamekwisha kupigwa muhuri.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe. Nasema kwamba kanuni zenu zimeongezeka upande ambao ni rahisi kuandika, upande wa vitu, na zilichelewa upande ambao ni mgumu, upande wa watu wazima. Ushahidi mmeuandika wenyewe. Tangu miaka ya 1920 makao makuu yalikuwa na majalada ya siri ya viongozi wasiofaa, wengi wao wakiwa wametuhumiwa kuwadhulumu watoto kingono. Jalada lilikusudiwa kumzuia mtu kama huyo asijiandikishe tena. Wazazi hawakuambiwa, polisi mara nyingi hawakuambiwa, na wapo waliohamia mji mwingine wakarudi kuvaa skafu. Mwaka 2010 baraza la mahakama huko Portland, Oregon, liliyaona majalada hayo na kukitoza chama dola milioni 18.5 kama adhabu, na mwaka 2012 zaidi ya majalada 1,200 ya kati ya 1965 na 1985 yakawekwa hadharani kwa amri ya Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Februari 2020 chama kikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Walalamikaji waliojitokeza walizidi 82,000, na mfuko wa fidia uliokubaliwa ulikuwa wa dola bilioni 2.46.

Linganisheni sasa tarehe hizo na tarehe za kanuni. Mafunzo ya ulinzi wa watoto yakawa lazima kwa kila kiongozi mwaka 2010, miaka mia moja kamili baada ya chama kuanzishwa. Kanuni kwamba kila shughuli, hata kikao cha kawaida cha jioni, iwe na viongozi wawili waliosajiliwa wenye miaka 21 au zaidi, ilianza Oktoba 2018. Na hadi Septemba 2023 mtu mzima ambaye hakusajiliwa aliweza kulala kambini na watoto ilimradi asifikishe saa 72. Sijui ni hatari gani iliyofikiriwa kuanza saa ya 73. Leo lazima awe amesajiliwa, amechunguzwa na amepata mafunzo, ukiwaacha wazazi wa wale wadogo kabisa wanaolala na watoto wao wenyewe. Vizuri sana. Lakini kama uangalifu uliotumika kwenye soksi ungetumika miaka 50 mapema kwenye saa 72, nadhani mawakili wenu wangekuwa na likizo ndefu zaidi.

Najua jibu lenu la kwanza: kila kanuni, hata ile inayochekesha, nyuma yake kuna mtoto aliyeumia. Sitawabishia. Puto lililofyatuliwa kwa manati linaweza kuharibu jicho, na daktari wa macho hatacheka na mimi. Basi andikeni hivyo. Semeni puto likirushwa kwa manati linapofua jicho, kwa hiyo manati ni marufuku na uso haulengwi. Kiongozi akisoma hayo ataelewa, na mtoto akiuliza kwa nini atajibiwa. Akiambiwa milimita 40 bila neno zaidi, anachojifunza ni kwamba huko juu kuna watu wa ajabu, na somo hilo atalibeba hadi kwenye kanuni inayofuata, ambayo huenda ndiyo inayookoa maisha. Kanuni ya kipuuzi inapunguza heshima ya jirani yake kwenye ukurasa uleule.

Jibu la pili mtanong'ona tu: mahakama na bima. Hili nalikubali zaidi, kwa sababu lina ukweli wa mfukoni. Mwaka 2020 ada ya mtoto ilipanda kutoka dola 33 hadi 60, na gharama za bima zilitajwa miongoni mwa sababu. Lakini lile baraza la Portland halikuwatia hatiani kwa kukosa kanuni ya maputo. Kilichowaponza ni kujua na kunyamaza. Kinga ya chama mbele ya sheria haiwi imara kwa sababu orodha ni ndefu; wakili wa upande wa pili ataisoma yote kwa furaha na kutafuta kile kipengele kimoja ambacho kiongozi, aliyekuwa akihangaika na watoto 20 na sufuria ya wali, alikisahau. Orodha ndefu inahamisha lawama kutoka makao makuu hadi kwa fundi bomba au karani aliyekuja kujitolea baada ya kazi. Huenda ndiyo kazi yake hasa. Kama ndivyo, kwa kuwa uaminifu ni neno la kwanza katika Sheria yenu ya Skauti, mngemwambia hivyo siku ya kwanza anapotia sahihi.

Na huyu anayejitolea ndiye ambaye barua nyingi za namna hii humsahau. Watoto wakishalala, viongozi hukaa kwenye moto na kujadili kanuni, na mjadala huwa uleule: mmoja anasema kanuni ni kanuni, wa pili anasema tumieni akili, wa tatu anauliza imeandikwa wapi. Huyo wa tatu ndiye mwenye hekima. Chukueni mfano wa kisu cha ala. Kwa miaka mingi viongozi wengi Marekani wamewaambia watoto kwamba chama kimepiga marufuku visu vya ala, na vijana wamenyang'anywa visu hivyo langoni mwa kambi. Ukweli ni kwamba zamani mwongozo wenu wa usalama ulishauri tu kuepuka visu vikubwa vya aina hiyo, na leo hauvihimizi wala hauvipigi marufuku. Kanuni zikishakuwa nyingi kiasi kwamba hakuna azijuaye zote, watu huanza kuzitunga zao na kuziwekea jina lenu, kwa kuwa mbele ya marufuku nyingi za ajabu marufuku moja ya uongo haiwezi kutambulika. Mtasema kiongozi wa kujitolea hana ujuzi, anabadilika kila mwaka, kwa hiyo lazima aandikiwe kila kitu. Mimi naona kinyume: kwa sababu anabadilika kila mwaka, apewe machache yatakayokaa kichwani. Sheria ya Skauti ya kwenu ina maneno kumi na mawili na mtoto wa miaka 11 anaikariri. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuukariri mwongozo.

Msinielewe vibaya mkadhani najiunga na wale viongozi wanaotaka kila kitu kirudi zamani. Malalamiko yao makubwa ni dhidi ya ile kanuni ya 2018. Wanasema imeua uskauti wenyewe, kwa kuwa Baden-Powell alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea mwaka 1907 aliwagawa wavulana 20 katika vikundi vidogo vyenye viongozi wa rika lao, na msingi ulikuwa watoto wajiongoze. Zamani kikundi cha vijana wa Marekani kiliweza kutembea porini na kulala bila mtu mzima. Leo hata kikao chao sebuleni kinahitaji wawili. Hasara hiyo ni ya kweli, na asiyeiona hajui kijana wa miaka 14 anavyobadilika akiachiwa ramani na jukumu. Hata hivyo hapa nasimama nanyi dhidi yao. Walalamikaji 82,000 ni hoja isiyojibika kwa kumbukumbu nzuri za utotoni. Watu wazima wawili wanaweza kukaa mita mia kutoka kwenye mahema na chupa yao ya chai, wakawaacha vijana waunguze ugali wao wenyewe. Kanuni inataka wawepo. Haikuwaagiza washike mwiko. Wengi wanaolia kwamba kanuni imewanyang'anya watoto uongozi, ukiwatazama vizuri, ndio wanaofunga hema la mtoto kabla hajaomba msaada.

Tofauti kati ya kanuni hii na ile ya puto ndiyo ninayoiomba ofisi yenu iiweke ukutani. Hii inamhusu mwenye nguvu, na sababu yake kila mtu anaijua, hata anayeichukia. Ina gharama, lakini gharama hiyo inalipwa na watu wazima kwa muda wao. Ile ya puto inamhusu mtoto anayecheza, haina sababu iliyoandikwa, na anayeilipia ni yeye. Kanuni za namna ya kwanza ziongezeni bila woga. Za namna ya pili, kila mnapotaka kuongeza moja, futeni moja, na kila inayobaki ibebe sentensi ya sababu.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halihitaji bajeti. Kabla rasimu ya mwongozo ujao haijatoka Irving, ipelekeni kwa viongozi wa kujitolea katika kambi za kiangazi, wale wa kwenye moto, na muwaulize maswali mawili tu: ni kipi hapa hamkielewi, na ni kipi mnachokivunja kila wiki. Majibu ya swali la kwanza mpeni mwandishi. Majibu ya swali la pili yasomeni wenyewe, bila wakili chumbani, na aliyejibu kwa ukweli asiandikiwe jalada.

Wenu mtiifu, kwa mujibu wa neno la 7 la Sheria ya Skauti,

Msomaji wa Mwongozo,
Afrika Mashariki