Sifa za Tope la Oili

Watu wa elimu waliotutangulia hawakuona haya kuvisifu vitu ambavyo wenzao waliviona duni. Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, alimtungia nzi sifa ambazo wafalme wengi hawakuzipata. Na Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, alitenga kurasa nyingi za kitabu chake cha wanyama kwa hoja za wakili wa mbwa na wakili wa jogoo, kila mmoja akishindania utukufu wa mteja wake. Kwa kuwa nzi, mbwa na jogoo wamekwisha kupata wasemaji, naomba idhini ya wasomaji nimsimamie mnyonge mwingine, ambaye hutukanwa asubuhi na jioni katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wala hajapata hata mtu mmoja wa kumtolea ushahidi wa wema. Mnyonge huyo ni tope la oili, lile jeusi, zito, linaloganda ndani ya injini ya gari, ambalo mafundi hulikwangua kwa bisibisi wakiguna na wenye magari hulitazama kama kwamba limewekwa humo na hasidi.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, na nasaba ya tope haina doa. Mama yake ni oili, ambayo huingia katika injini ikiwa laini na safi hata nuru hupenya ndani yake, imetiwa na watengenezaji dawa za kuosha na dawa za kutawanya uchafu, ili chembe za masizi zielee mbalimbali zisipate kufanya mkutano. Baba zake ni wengi, jambo ambalo kwa binadamu lingekuwa fedheha, lakini kwa tope ni dalili ya kukubalika. Wa kwanza ni joto, ambalo huikutanisha oili na hewa na kuichakaza taratibu, nao wajuzi wa kemia hukadiria kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi, kazi hiyo huenda kasi maradufu. Wa pili ni maji. Wengi hustaajabu kuambiwa kwamba moto huzaa maji, ila ndivyo ilivyo: lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yapatayo lita moja, na mengi katika hayo hutokea kwenye ekzosi yakiwa mvuke, lakini sehemu ndogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni, pamoja na petroli isiyoungua na moshi wenye asidi, ikashuka hadi kwenye sampu na kuomba hifadhi. Injini ikipata safari ndefu yenye moto wa kutosha, mvuke huo hufukuzwa. Isipoipata, mgeni huwa mkazi.

Ndipo tunapouona ukarimu wa mji wa Dar es Salaam. Mtu huwasha gari Sinza, akaenda Mwenge kununua mkate, akazima. Akawasha tena, akarudi, akazima. Na jioni akaingia katika foleni ya Barabara ya Morogoro, injini ikinguruma na magurudumu yakiwa yamesimama, joto likipanda chini ya boneti na upepo wa kulipoza haupo. Kikaratasi alichobandika fundi karibu na usukani kinasema oili imwagwe baada ya kilomita 5,000, na mwenye gari, ambaye ni mtu mwadilifu, hukisoma kila siku na kuona kwamba bado ana kilomita 2,000 mkononi. Mita haihesabu saa za foleni. Tope huzihesabu zote, wala halijapata kukosea hata dakika moja.

Fadhila ya kwanza ya tope ni kwamba haliendi mahali lisipoalikwa. Wezi huvunja, kutu hupenya, panya hutafuna nyaya bila ya kubisha hodi, lakini tope hungoja wito, na wito huo hutolewa na wenye magari kwa namna za kupendeza. Yupo anayeita kwa kutia oili namba 40 katika injini ambayo mfuniko wake umeandikwa 5W-30, kwa hoja kwamba oili nzito ndiyo yenye nguvu. Yupo anayenunua ya kupimiwa kutoka pipani, au ile iliyokwisha kutumika katika lori la mtu mwingine, ikachujwa, ikatiwa katika kopo jipya lenye jina la heshima. Yupo, na huyu ndiye mpenzi wa dhati, asiyemwaga oili kamwe bali huongezea tu. Kila akiona imepungua humimina nusu lita, akaamini kwamba kwa kuongeza kipya juu ya kikongwe, kikongwe hurudi ujana. Na wako wale wa uchumi wa wastani wanaosema, “Fundi, leo mwaga oili tu, filta tutabadili mara ijayo,” na mara ijayo husema vilevile. Mgeni aliyekaribishwa kwa milango minne ana kosa gani akiingia?

Akishaingia, tazameni adabu yake. Hajitii mbele wala hapigi kelele. Hushika kwanza pembe za juu, chini ya kava ya tapeti, ambako oili hupita polepole na hakuna anayechungulia. Akatandika utando mwembamba wa rangi ya kahawia, akakaa. Mwaka ukipita utando huwa mnene. Kisha huteremka kupitia matundu ambayo oili hutumia kurudi chini, akayabana kidogo kidogo, hadi akafika sampuni na kukuta lile chujio la waya lililo mdomoni mwa pampu ya oili, ambalo vitundu vyake ni vidogo na kazi yake ni kubwa. Hapo hufanya makao makuu. Katika magari yenye VVT-i kuna kichujio kingine kidogo zaidi, kinachokaribia ncha ya kidole, na tope, ambalo halidharau vitu vidogo, hukizuru pia.

Lakini sifa ninayoiheshimu kuliko zote ni rehema ya tope kwa moyo wa mwenye gari. Maradhi mengine ya gari humsumbua mtu kabla ya wakati: breki hulia, rejeta hufuka moshi, tairi huenda chini. Tope humhifadhi katika amani. Asubuhi atachomoa kijiti cha kupimia, atakifuta kwa kitambaa, atakichovya tena, naye ataona oili imefika alama ya juu kabisa. Atakirudisha akimshukuru Mola na kuwasha gari. Oili ipo, ni kweli, tena tele. Isipokuwa inalala sampuni, kwa kuwa chujio limeziba na pampu inanyonya upepo, na kamshafti iliyo juu inazunguka kikavu. Taa nyekundu ya oili itawaka siku moja kwenye kilima, ikazimika kwenye mteremko, na rafiki aliyeketi kando atasema ni waya tu. Amani hiyo hudumu mpaka injini ianze kugonga.

Basi gari likishavutwa kwa kamba hadi gereji, tope hupata heshima ya kutazamwa hadharani. Fundi hulegeza bolti za kava ya tapeti moja baada ya moja na kuzipanga juu ya kipande cha boksi, akaitikisa kava, nayo haitoki, maana imeshikwa kutoka ndani. Akaipigapiga pembeni kwa kipini cha nyundo, ikaachia kwa sauti ya kubanduka. Ndani yake pale panapostahili kuonekana vyuma vinavyong'aa hapaonekani chuma. Pana matabaka. Juu ni laini, jeusi, limemetameta. Chini yake ni kavu, limepasukapasuka kwa vipande. Na ukilichimba kwa ncha ya bisibisi, hutokea vijumba vya tapeti vilivyofukiwa, huku harufu ya kuungua na petroli iliyochacha ikipanda puani. Kijana anayejifunza kazi hukusanya lililokwanguliwa katika kopo la rangi, kopo likajaa, akaenda kutafuta jingine. Sampu ikishushwa hali ni hiyohiyo, na lile chujio la waya, ambalo fundi hulifuta kwa kidole gumba mara mbili tatu kabla ya kuuona waya wenyewe, huzungushwa kwa watazamaji walioacha kazi zao kuja kushuhudia.

“Mzee, gari hili ulimwaga oili lini?” fundi huuliza kwa upole.

“Juzijuzi tu,” mzee hujibu.

Tope liko pale koponi, nalo halimkanushi mtu mzima mbele za watu. Haya kama hiyo ni nadra katika zama zetu.

Sasa niwaeleze wanaofadhiliwa nalo, maana kitu hupimwa kwa walio katika kivuli chake. Mwenye kamba ya kuvutia magari hula kwa tope. Muuza beringi za krankishafti hula kwa tope, na muuza gasketi, na mchonga silinda, na mama anayewauzia chai na vitumbua mafundi wanaoshinda wakifumua injini ambayo ingekwenda bila ya kuguswa kama ingelimwagwa oili kwa wakati. Madalali wa magari nao wana deni kubwa. Wao husema kwa fahari, “Injini haijaguswa,” na maneno hayo ni ya kweli tupu, kwa kuwa ndani hamna aliyegusa tangu gari liliposhuka melini. Tena tope huziba. Sili iliyokufa na gasketi iliyopasuka huacha kuvuja kwa sababu tope limekaa penye ufa, na mnunuzi anayeinama kutazama chini ya gari huona sakafu kavu. Akienda nyumbani akatia oili nzuri yenye dawa za kuosha, tope huyeyuka na gari huanza kulia machozi kila upande, na mnunuzi hulaumu oili nzuri.

Hata nchi tajiri zimelitambua. Mwaka 2002 huko Marekani kampuni ya Toyota ilitangaza mpango wa kutengeneza injini zilizoharibiwa na tope kwa muda wa miaka 8 tangu gari lilipoanza kutumika, na mpango huo uliyahusu magari yapatayo milioni 3.3 ya miaka ya 1997 hadi 2002, yenye injini za silinda 4 za lita 2.2 na za V6 za lita 3.0. Kampuni ilinyoosha kidole kwa wenye magari kwamba hawakumwaga oili ipasavyo. Wenye magari wengi wakaapa kwamba walimwaga na risiti wanazo. Mawakili wakaingia kati. Katika mzozo wote huo tope peke yake halikumlaumu yeyote, wala halikuomba fidia.

Adui zake nawataja kwa ufupi, maana hawastahiki wino mwingi. Mmoja ni vali ndogo ya plastiki au chuma, isiyozidi kidole, ambayo huunyonya mvuke mchafu kutoka tumboni mwa injini na kuupeleka ukaunguzwe; ikiziba, mvuke hubaki na tope hufurahi, na kwa hisani ya Mungu ni wachache wanaojua kwamba ipo. Wa pili ni oili ya kiwango kilichoandikwa kitabuni, ikimwagwa mapema kuliko kikaratasi kinavyosema, pamoja na filta mpya, mara kwa mara, bila ya pupa. Huyu ni adui wa hatari, kwa kuwa huliondoa tope kwa njia ileile lililoingilia, yaani polepole. Wa tatu hujidai adui lakini ni rafiki: ni yule anayemimina mafuta ya taa au dizeli ndani ya injini iliyosheheni, akaingurumisha dakika chache ili “kuiosha.” Tope lililokuwa limetulia kwenye kuta hubanduka vipandevipande, likashuka kwa pamoja, likakutana kwenye lile chujio la waya, na injini iliyoingia gereji ikitembea hutoka ikivutwa. Fundi mwenye busara hushusha sampu kwanza na kulisafisha chujio kwa mkono, kazi chafu isiyo na malipo mazuri, ndiyo maana haipendwi.

Mwisho wa habari huwa ni injini nyingine, iliyotumika Japani, iliyofungwa kamba juu ya mkokoteni na kuletwa kutoka dukani ikiwa imefunikwa turubai. Mzee hutoa fedha, huku akizihesabu mara mbili, kwa injini, kwa usafiri, kwa ufundi na kwa chai ya vijana. Fundi huishusha mahali pake, hufunga maunting, huunga mipira ya maji na nyaya, akajifuta mikono, akasema:

“Mzee, bado oili na filta.”

“Oili ni haki yake,” mzee husema, akifunga mkoba. “Filta acha. Ile ya kwenye injini ya zamani bado nzima. Ifungue uihamishie huku.”